Nilivyotoboa ubavu wa gitaa la baba

Msomaji wangu, umewahi kumwona mpishi wa shughuli anayepika pilau la watu mia, halafu yeye mwenyewe akaishia kulamba mwiko? Basi hayo ndiyo maisha ya mpiga gitaa kavu. Utamu wote unakwenda mbele kwa wasikilizaji. Wewe uliyelikumbatia unabaki na mngurumo wa besi tumboni.

Usidhani natania. Gitaa lina tundu moja kubwa mbele, upana wake kama sentimeta 10 hivi. Sauti nzito husambaa kila upande, lakini zile nyembamba, zenye utamu wake, huelekea zaidi mbele kama mwanga wa tochi. Sasa sikio lako liko nyuma ya tochi. Utaambulia nini hapo?

Mimi Ijumaa jioni huwa napiga kwenye mgahawa mmoja hapa Dar. Spika ni mbili na zote zimewatazama wateja. Monita ya kunirudishia sauti hakuna. Vicheko na vijiko vikianza kupambana, najikuta nazicharaza nyuzi kama nina ugomvi nazo, ili mradi nisikie ninachofanya. Vidole vinauma, nyuzi zinakatika, na kuimba nako kunakwenda kombo.

Dawa yake ipo: tundu la ubavuni. Linatobolewa sehemu ya juu ya ubavu, upande wa nyuzi nene, likutazame usoni. Robert Ruck, fundi Mmarekani wa magitaa ya klasiki aliyefariki mwaka 2018, alikuwa akiweka matundu madogo huko juu karibu na shingo. Mmarekani mwenzake, Alan Carruth, yeye alifanya vituko kabisa. Alitoboa gitaa moja matundu kibao ubavuni, akayaziba kwa vizibo kama vya chupa za mvinyo, kisha akawa anavifungua na kusikiliza tofauti. Anayefaidi zaidi? Mpigaji mwenyewe.

Lakini tundu haliji bure. Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda, utasikia sauti nzito. Chukua chombo cha ujazo uleule chenye mdomo mpana zaidi, sauti inapanda. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilieleza jambo hilo tangu karne ya 19. Gitaa nalo ni chupa ya aina yake. Ukiongeza tundu umepanua mdomo, na ukizidisha, besi inakonda. Kisha mbao ikishakatwa imekatwa, hairudi.

Hapo ndipo shughuli ilipokuwa, maana gitaa lenyewe ni la marehemu baba. Nyumbani mama analifuta vumbi kama picha ya ukutani. Ikabidi nifunge safari mpaka Temeke kwa baba mdogo. Kwenye ukoo wetu yeye ndiye mwenye neno.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Sema."

Nikasema yote. Akanyamaza weee, mpaka nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho.

"Yaani unataka kulitoboa gitaa la kaka yangu?"

Nikamweleza habari za tochi na chupa ya soda. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na picha. Baba yuko kwenye stuli, shingo kaipinda, sikio kalilaza kabisa kwenye bega la gitaa. Picha hiyo naijua tangu utotoni, na siku zote nilidhani ni pozi la kijana wa mjini.

"Watu walisema anaringa," baba mdogo akasema. "Alikuwa anatafuta sauti. Kila tukitoka kupiga alikuwa analalamika kwamba hajisikii." Akaifuta ile picha kwa kanzu. "Katoboe. Ila siku hiyo na mimi nitakuwepo."

Na kweli alikuwepo, kakaa kwenye benchi pale Keko kwa fundi seremala, kakunja mikono kama hakimu. Fundi alianza kwa kuondoa nyuzi. Ubao wa ubavu ni mwembamba, kama milimita 2 tu, kwa hiyo ukikurupuka unapasuka kwa urefu. Akapitisha mkono kwenye tundu la mbele, akagundisha ndani kiraka cha mbao nyembamba, mistari yake ikikatana na mistari ya ubavu. Tukaliacha gundi ishike mpaka kesho yake. Akabandika tepu ya karatasi nje, akatoboa tundu la sentimeta 2 na nusu, akalisafisha kwa tupa na msasa. Nyuzi zikarudishwa, nikajaribu. Akaongeza kidogo, nikajaribu tena. Tukaishia kwenye umbo la yai, urefu sentimeta 4. Nikamwambia inatosha.

Wateja wangu wa Ijumaa hawakugundua kitu, na sikutaka wagundue. Mimi ndiye niliyegundua. Sasa nasikia kila uzi, mkono umetulia, naimba bila kupiga kelele. Maiki nikiiweka karibu na lile tundu spika inapiga mluzi, kwa hiyo nimechonga kizibo cha mpira cha kuliziba inapobidi. Mama mpaka leo analiita "jeraha", lakini vumbi analifuta kama kawaida, analizungushia kitambaa taratibu.

Wewe unayetamani, kabla hujashika keekee kaa uutazame ukuta, karibu kabisa, upige. Ukuta utakurudishia sauti yako. Ukiipenda, ndipo ufikirie tundu, na uanze na gitaa la bei poa. Anza na dogo, maana kupanua kunawezekana, kupunguza ni kiraka.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na tafadhali, la kuazima usiliguse!