Zamu Yetu ya Kulala Mandara

Sisi tuliokulia Marangu miaka ya 1980 tuliujua Mlima Kilimanjaro kwa shingo na mabega ya baba zetu. Walipanda na mizigo ya wageni, wakashuka na noti chache, soksi kuukuu na habari za baridi. Katika migomba yetu hapakuwa na mtu aliyewaita wanawe akawaambia, "Likizo hii tukalale Mandara." Kulala Mandara, kituo cha kwanza njiani kwenda juu, ilikuwa kazi, na kazini huendi na mke na watoto.

Baba mdogo alianza kama mpagazi, baadaye akawa mpishi. Safari zake hazikuwa na maandalizi marefu. Kijana alipita jioni akiita kutoka njiani kwamba watu wanatakiwa getini alfajiri. Mama mdogo alichemsha ndizi za kubeba, baba mdogo akakagua raba zake kwa taa ya chemli, kisha akaenda kwa jirani kuazima sweta. Alfajiri tulipoamka alikuwa ameshaondoka. Huko juu alilala jikoni, karibu na moto wa kuni walizookota wenyewe. Nilipomwuliza kwa nini hatuchukui na sisi, alijibu bila kinyongo: "Kule ni kwa wageni, mwanangu. Sisi tunawafikisha."

Jibu hilo lilinikaa moyoni miaka mingi, maana vituo vile vya mlimani vimebeba historia yetu. Wapanda mlima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo mwaka 1889, walianzia hapa Marangu, kwa Mangi Marealle, na Yohani Kinyala Lauwo wa hapahapa anatajwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Vibanda vya kwanza vya njia ya Marangu viliitwa Bismarck na Peters, na huyo Peters ndiye mkoloni wa Kijerumani aliyejulikana kwa jina la Mkono wa Damu. Nchi ilipokuwa yetu, majina yakabadilika. Cha chini kikaitwa Mandara, kwa heshima ya Mangi Rindi Mandara wa Moshi. Cha kati kikapewa jina la Horombo, mtawala wa Keni kule Rombo. Kileleni nako, usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge. Hifadhi ya Taifa ikatangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977, na katika miaka hiyo zikajengwa, kwa msaada wa Norwei, zile nyumba ndogo za mbao ambazo paa zake zinashuka pande zote mbili karibu na ardhi. Nyumba zenye majina ya mababu zetu, na sisi wajukuu wao tulizijua kwa kusimuliwa.

Mabadiliko yalikuja polepole. Watoto wa wapagazi walisoma, wakapata kazi Arusha na Dar es Salaam, wakawa wanarudi nyumbani kila Desemba kama ilivyo desturi ya Wachaga. Krismasi moja, mbege ikizunguka, binamu yangu akauliza: "Tunalipita lile geti kila mwaka. Kwa nini tusiingie?" Kabla ya sikukuu kuisha tulikuwa na kundi la WhatsApp, mweka hazina, na michango ya kila mwezi kwa simu. Viingilio kwa raia wa Afrika Mashariki ni vya shilingi na ni nafuu kuliko vya wageni wa mbali, nasi tulilipa kwa simu vilevile. Baba yangu asingeamini kwamba kitanda cha Horombo kinaweza kulipiwa mtu akiwa ameketi Kariakoo.

Mshauri wetu mkuu alikuwa baba mdogo. Alikuwa amestaafu, shingo imepinda kidogo upande wa kushoto. Alituketisha uani akatuambia jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyeishi kwa kuwapeleka wengine kileleni: "Msipange kilele. Pangeni mtalala wapi, na kwa siku ngapi."

Akaeleza. Mandara iko kwenye mita 2,720 hivi, ndani ya msitu. Hapo kila mwenye miguu mizima anafika kwa saa tatu au nne kutoka getini. Horombo iko mita 3,720, juu ya msitu, ambako hewa imeanza kuwa nyepesi na kichwa huuma. Anayetaka kuendelea hadi Kibo, kwenye mita 4,700 na ushee, na hatimaye Uhuru kwenye mita 5,895, alale Horombo usiku wa pili. Mchana wa siku hiyo atembee hadi kwenye miamba yenye milia kama pundamilia, kisha ashuke kulala palepale. Panda juu, lala chini: mwili unazoea hivyo. Wasiotaka kilele waishie Mandara au Horombo, na wasione haya.

Nguo tulinunua soko la Memorial pale Moshi, mitumba mizuri ya makoti ya baridi. Baba mdogo alifungua na kufunga kila zipu mara kadhaa, akayatenga makoti ambayo zipu zake zilikwama. Fulana za pamba alizikataa zote. "Zikilowa jasho hazikauki kule, zitawagandisha," alisema, akatuchagulia za sufu, hata kama zilikuwa zimefifia rangi.

Siku ya safari alitusindikiza hadi getini. Pale mizigo ya wapagazi hupimwa kwa mizani, na mwisho wa kila mmoja ni kilo 20. Begi la kijana mmoja lilizidi. Wakatoa mfuko wa unga na mtungi mdogo wa gesi, wakaviweka kwenye mzigo mwingine, begi likapimwa upya. Baba mdogo alisogea akaishika ile mizani, akasema: "Hii ingekuwepo zamani, shingo yangu ingekuwa nzima."

Tulipanda katikati ya miti iliyovaa kuvu, mbega wakiruka juu yetu. Mandara watoto walipigania vitanda vya juu. Jioni tukatembea hadi ukingo wa kreta ya Maundi, tukaona tambarare za Taveta upande wa Kenya, na nyuma yetu paa za vijiji tulivyozaliwa. Usiku ule mke wangu, mwenyeji wa Tanga, alisema ndiyo kwanza ameelewa kwa nini wazee wetu hugeuza viti vyao kuutazama mlima.

Si kila kilichobadilika ni chema. Barafu ya kileleni ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912; kufikia 2011 ilibaki chini ya 2. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la uoto wa juu. Hata hivyo, kuni haziokotwi tena, upishi ni wa gesi, na hilo limeupumzisha msitu. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, na sasa mama aliyebaki nyumbani anamwona mwanawe akinywa uji wa asubuhi juu ya mawingu. Na kila mwaka inapokaribia Desemba 9, makundi ya Watanzania huja kutoka mikoa mbalimbali kupanda kwa kumbukumbu ya Uhuru, jambo ambalo utotoni mwangu hapakuwa na aliyeliwaza.

Ndugu msomaji, kama unaweza kuchanga kwa ajili ya harusi, unaweza kuchanga kwa ajili ya usiku wa Mandara. Anza mapema, ondoka na watu unaowapenda, na kilele kisikutie presha. Ila kabla hujalipa kampuni yoyote, uliza maswali matatu: mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, atakula mara ngapi, na atalala wapi. Ukijibiwa kwa kusitasita, tafuta kampuni nyingine.