Sherehe Zetu na Mtoto Aliyebaki Nyumbani



Majira ya baridi yamerejea Arusha. Asubuhi Mlima Meru hujificha nyuma ya mawingu, mahindi yanaelekea kuvunwa, na sherehe zimeanza: ndoa, jubilei, Kipaimara, Komunyo ya Kwanza. Kuanzia Ngarenaro hadi Tengeru kadi za michango zinapita mkono kwa mkono. Tunamshukuru Mungu kwa hayo, kwani familia isiyosherehekea pamoja husahau upesi kuwa ni familia.

Hata hivyo, wiki hii tunapenda kuungama jambo moja mbele yenu. Katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo tuliwapa watoto wetu Komunyo ya Kwanza. Baada ya Misa tulialikwa katika nyumba tatu. Tukaketishwa meza kuu, tukalishwa keki na ndafu. Jioni, tulipopitia orodha ya katekista, tuligundua kuwa mtoto mmoja hakufika, ingawa alihudhuria mafundisho yote.

Siku iliyofuata tulikwenda kwao. Mama yake, mjane auzaye mboga, alisema kwa sauti ya chini: “Baba Paroko, ningemvalisha nini? Na wageni ningewapa nini?” Tulikosa jibu. Hatukuwahi kuagiza gauni jeupe wala karamu, lakini tuliviacha vigeuke kuwa sharti la kumpokea Bwana.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, Musa anaagiza Sikukuu ya Vibanda iadhimishwe siku saba, baada ya mavuno. Anawataja watakaofurahi: wana na binti, watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Jirani zetu Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, huiadhimisha sikukuu hiyo hadi leo. Tuitazame vema orodha ile: mjane haambiwi asubiri makombo. Furaha yake ni sehemu ya amri. Naye Bwana wetu, katika Luka 14, anatuagiza tuwaalike wasioweza kutulipa.

Maaskofu wa AMECEA, walipozipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi pale majirani wanapofahamiana. Jumuiya hujua ni jiko lipi halijawashwa. Lakini sisi tumezoea kuiuliza jumuiya nani hajalipa mchango. Ni mara chache tumeiuliza nani amebaki nyumbani.

Dominika iliyofuata mtoto yule alipokea Komunyo akiwa amevaa sare yake ya shule, iliyofuliwa ikatakata. Jumuiya ilikutana uani kwao. Kila mmoja alikuja na alichonacho, na akina mama wakapika loshoro na chai. Hapakuwa na meza kuu. Tuliketi kwenye benchi pamoja na wazee hadi giza likaingia, jambo ambalo hatukulifanya katika zile nyumba tatu.

Wapendwa, hatusemi karamu zikome. Tunaomba tu kwamba kabla ya kugawa kadi, kila familia iulizane: katika jumuiya yetu, ni nani atakayejifungia ndani siku hiyo? Huyo aalikwe wa kwanza, wala asipewe kadi ya mchango.

Mungu awabariki.

Wenu katika Kristo,
Paroko