Mpira Mdogo Chini ya Gari

Vitu vinavyopata sifa katika gari la mbio ni vichache. Injini husifiwa kwa nguvu zake, umbo kwa uzuri wake, na dereva kwa ushujaa wake. Hapana asifuye kipande cha mpira kilichofichwa chini, katika tope na vumbi. Walakini gari liingiapo katika kona kwa mwendo wa kasi, kipande hicho kisichotajwa ni miongoni mwa vitu vinavyoamua kama litatii usukani mara moja au litasita.

Mfano mwema ni Datsun 240Z. Gari hili lilizinduliwa mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda sita yenye ukubwa wa lita 2.4. Watu wa Afrika Mashariki walilijua mapema, maana lilishinda Safari Rally mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, Hans Schüller akiwa msaidizi wake. Mwaka 1973 lilishinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Magari ya namna hiyo yaliyosalia sasa yamepita umri wa miaka 50. Chuma chake kilichotunzwa hustahimili uzee, lakini mpira hauna subira hiyo. Hewa, joto na mafuta yanayovuja huula kidogo kidogo. Hukauka, hupasuka, kisha humeguka. Bandubandu huisha gogo.

Chini ya mbele ya gari hupita ufito wa chuma uliopindwa, ambao mafundi huuita stabilaiza. Katikati umeshikwa na bushi mbili za mpira, zilizobanwa kwenye chesisi kwa vikuku vya chuma; ncha zake zimeungwa na mikono ya magurudumu. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, ufito huzunguka tu ndani ya bushi zake wala haupingi sana. Lakini gari likikata kona, mwili wake hulalia upande wa nje. Gurudumu la nje hubonyezwa na la ndani hushuka. Hapo ufito husokotwa, na kwa kukataa kwake kusokotwa huuzuia mwili usilale mno.

Bushi zikichakaa, ufito hucheza kwanza katika nafasi tupu kabla ya kuanza kazi yake. Penye vishimo vidogo husikika kugonga chini ya miguu ya dereva. Katika kona gari huchelewa kidogo, kisha hulala kwa ghafla. Aghalabu mwenye gari hulaumu tairi, hushuku shokamzoba, hulipa fedha nyingi, na kelele ikabaki pale pale. Mkosaji mdogo hujificha nyuma ya wakubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi ya kubadili bushi si ngumu, lakini hudai adabu. Gari huinuliwa sawasawa pande zote mbili, ili ufito usibaki umesokotwa, kisha huwekwa juu ya stendi imara. Jeki ni chombo cha kuinulia, si nguzo ya kutegemea. Anayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ameiweka rehani roho yake kwa ajili ya kipande cha mpira. Bolti zenye kutu hutiwa mafuta na kuachwa muda mrefu kabla ya kufunguliwa, kwa sababu bolti ikikatikia ndani ya chesisi, kazi ya saa huwa kazi ya siku. Vikuku vikitoka, ufito husuguliwa kutu kwa brashi ya waya na unene wake hupimwa, maana bushi iliyo kubwa kuliko ufito ni sawa na bushi iliyochakaa. Nati za ncha zenye bushi za mpira hukazwa mwisho, uzito wa gari ukiwa umerudi juu ya magurudumu.

Hapo huja uchaguzi unaompima mtu. Ziko bushi za mpira, na ziko za poliyurethani, ngumu zaidi. Ngumu huufanya ufito ujibu upesi, lakini hudai grisi yake maalumu, la sivyo hulia. Tena hupeleka mtikisiko zaidi mwilini mwa gari. Wengine huongeza na ufito mnene. Ugumu wa ufito hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake: kutoka milimita 20 mpaka 22 ni nyongeza ya asilimia 46 hivi. Nguvu hiyo haipotei hewani. Huangukia vikuku, bolti na chesisi iliyokwisha kuonja kutu kwa nusu karne. Mwenye pupa ya wepesi huweza kununua kona moja nzuri kwa bei ya ufa katika mwili wa gari.

Basi mpira laini haukuwekwa pale kwa upungufu wa akili. Kazi yake ni kushika bila kuvunja, na kulegea kiasi ili chuma kisile chuma. Fundi mwenye busara hukagua chesisi kwanza, ndipo achague bushi. Kisha huliendesha gari taratibu, husikiliza, na baada ya siku chache hurudi chini na spana yake kuhakikisha kwamba hakuna nati iliyolegea.