Njia Panda ya Himo na Rubani Aliyepotea

Msafiri atokaye Moshi mjini kuelekea mashariki, baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 25, hufika mahali panapoitwa Njia Panda. Jina hilo linasema kweli tupu. Barabara ya kulia hwenda Mwanga, Same na hatimaye Dar es Salaam. Ile ya mbele huingia Himo, na kutoka hapo mtu aweza kupanda Marangu na Rombo, au kunyoosha hadi Holili mpakani na kuvukia Taveta, nchini Kenya.

Himo ni mji wa wapitaji. Ndizi zilizoteremshwa kutoka migombani huko juu hukutana sokoni na mahindi na maharage ya tambarare. Asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, vilele vya Kibo na Mawenzi husimama wazi juu ya mapaa ya mabati, na mwenyeji hahitaji kibao cha kumwonyesha aliko. Mgeni ndiye anayehitaji. Na pia yule anayedhani kwamba si mgeni tena.

Alfajiri moja nilikuwa Himo nikingoja gari la Moshi, ili niwahi kumpokea ndugu yangu katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Lori lililosheheni magunia likasimama mbele ya kibanda cha chai. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, akateremka na kuuliza kwa sauti ya chini kama hii ndiyo njia ya Same. Alikuwa amepitiliza Njia Panda gizani.

"Kijana wangu aliniambia," akakiri, akimwonyesha utingo wake aliyeinamisha uso. "Alisema, 'Mzee, nadhani tumeiacha njia.' Nikamwambia anyamaze, kwani barabara hii naijua tangu yeye hajazaliwa."

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Wakanywa chai, lori likageuzwa, wakaondoka. Kosa lile liliwagharimu dakika chache tu. Lakini mimi, safarini kwenda uwanjani, nikawa najiuliza: je, rubani naye hupotea njia?

Hupotea, ndugu msomaji, na ushahidi uko papa hapa kwetu. Uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Moshi na Arusha, una njia ya kurukia yenye urefu wa meta 3,600 hivi. Tarehe 18 Desemba, 2013, ndege kubwa ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 767, ilikuwa ikija huko kutoka Addis Ababa. Ilitua katika uwanja mdogo wa Arusha, ulioko Kisongo, ambao njia yake wakati huo ilikuwa na meta 1,620 tu. Njia za viwanja vyote viwili zimelala mashariki kwa magharibi, hata ukiwa angani mmoja waweza kudhaniwa kuwa ndio mwingine. Ndege ilisimama salama, lakini ilipojaribu kugeuka mwishoni mwa lami, magurudumu yakazama katika udongo. Abiria walikaa ndani kwa saa kadhaa, kwa sababu uwanja haukuwa na ngazi za kuifikia ndege ndefu kiasi hicho. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia.

Wengi hudhani kwamba ndege ikishagusa ardhi hatari imekwisha. Sivyo. Uwanja mkubwa una njia nyingi zinazounganisha maegesho na njia ya kurukia, na kila moja ina herufi yake. Mstari wa manjano humwongoza rubani katikati; usiku, taa za buluu humwonyesha kingo. Kibao chekundu chenye maandishi meupe humwamuru asivuke bila ruhusa ya mnara. Na kila agizo la njia analopewa sharti alirudie kwa sauti, kama mtoto anayetumwa dukani na mama yake.

Hata hivyo makosa hutokea. Siku nne tu baada ya tukio la Arusha, usiku, ndege ya Boeing 747 ya Shirika la Ndege la Uingereza iliyokuwa ikienda kuruka huko Johannesburg iliagizwa ifuate njia B. Mahali njia zilipogawanyika, marubani walinyoosha na kuingia njia M, iliyo nyembamba. Bawa likapasua jengo, na watu wanne waliokuwamo wakajeruhiwa.

Msiba mkubwa kupita yote ulitokea Tenerife, katika Visiwa vya Canary, tarehe 27 Machi, 1977. Ndege mbili za Boeing 747 zilikuwa zimeelekezwa kwenye uwanja mdogo ambao haukuwa mwisho wa safari yao. Katika ukungu mzito, ndege ya Pan Am iliipita njia iliyoambiwa itokee, ikawa bado katika njia ya kurukia. Nahodha wa ndege ya KLM, mtu wa uzoefu mkubwa, akaanza kuruka bila ruhusa. Fundi wa ndege aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka. Nahodha alimjibu kwa hakika kwamba imetoka. Watu 583 walikufa.

Tangu msiba ule, marubani duniani wamefundishwa kwamba mdogo akiona shaka aseme, na mkubwa akiambiwa asikilize. Somo hilo halikukusudiwa marubani peke yao. Liko kiwandani penye mashine, liko katika basi lililojaa abiria, liko hata nyumbani ambako baba hapendi kuulizwa.

Kila nipitapo Njia Panda ya Himo humkumbuka utingo yule. Mwenda pole hajikwai, walisema wazee. Na mwenye kuambiwa "Mzee, tumeiacha njia," asimame kwanza atazame, ndipo aseme kwamba anaijua.