Mikono na Sababu

Kijana asipofaulu mtihani wa kidato cha nne, nyumba nyingi husema, "Basi, na aende gereji." Neno hilo husemwa kwa kuugua, kana kwamba kijana ametupwa. Nami naona lina ubaya wa namna mbili: laidharau kazi ya makanika, tena lamfanya mzazi asijali kama kijana atafundishwa vema.

Mpwa wangu alianza kazi chini ya mwembe, hapa kwetu Iringa, kwa fundi mwenye moyo mwema. Kwa muda wa miaka miwili alijifunza kufungua magurudumu, kubadili pedi za breki na kutoa upepo. Alijifunza pia kuusikiliza mngurumo wa injini, na kumwambia mwenye gari ukweli. Mambo hayo ni mali. Lakini nilipomwuliza kwa nini mafuta ya breki hubadilishwa, alijibu, "Mjomba, fundi hubadili yakiwa meusi."

Baadaye alipelekwa chuo cha ufundi, na huko alipata jibu kamili, naye akanieleza mimi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya aina ya DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya joto la digrii 230; yakiisha kunywa maji, yaweza kuchemka penye digrii 155. Nanyi mwaujua mteremko wa Kitonga. Dereva wa gari dogo akishuka huku amekanyaga breki daima, joto la magurudumu huyafikia mafuta, nayo hutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, bali mvuke hubonyea. Kwa hiyo pedeli huzama mpaka chini, na gari halisimami. Tena mafuta hayo huenda yakaonekana masafi machoni.

Dada yangu alikuwa ameuliza, "Kaka, kijana anapata riziki yake. Mbona tulipe ada afundishwe kazi aliyokwisha kuijua?" Swali lake lilikuwa la haki, maana fedha zilikuwa chache. Lakini mikono hujua namna ya kufanya. Sababu yake yataka mafundisho. Na magari hubadilika: injini nyingi za siku hizi huongozwa na kompyuta, na fundi hana budi kusoma hitilafu kwa chombo maalumu.

Nchini Tanzania Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi tatu. Tena mafundi waliojifunza kazini bila kupita chuoni hupimwa. Mwenye upungufu hufundishwa, na anayestahili hupewa cheti. Basi aliyeanzia chini ya mwembe hakufungiwa mlango.

Mwaka jana mtu mmoja alileta gari lake jioni, akitaka kusafiri usiku ule pamoja na watoto. Mpwa wangu aliyapima mafuta ya breki, akaona yameingia maji, akakataa kulirudisha gari mpaka yabadilishwe. Yule bwana alikasirika, akaenda kwa fundi mwingine, wala hakulipa hata senti. Dada yangu alizisikitikia fedha zile. Mimi nilifurahi, maana fundi asiyejua sababu hawezi kukataa. Atafanya aliloambiwa, na hasara itawapata wasiokuwamo katika shauri.

Kwa hiyo, wazazi na walimu, tumwulize kijana kwanza kama anaipenda kazi hiyo. Akiipenda, tumtafutie fundi mwaminifu wa kuizoeza mikono yake, kisha tujinyime kidogo tulipe ada ya chuo. Na siku atakapokataa kazi iliyo mbovu, akarudi nyumbani mikono mitupu, tumpokee kwa heshima.