Pilipili ya Dubu Mpakani

Tulikuwa tunarudi Kanada kutoka Montana, mimi na mume wangu mbele, watoto wamelala nyuma. Tulikwenda kutembea mbuga ya Glacier, inayopakana na Waterton ya upande wa Kanada, na huko dubu ni jirani wa kweli. Kwa hiyo tulikuwa na kopo la pilipili ya dubu. Ndani ni pilipili tu, dada zangu, ukali uleule unaotutoa machozi jikoni Unguja, ila umeshindiliwa koponi ili umpulizie dubu usoni akikujia.

Kopo hilo halikunitia wasiwasi. Limeandikwa wazi kuwa ni la dubu, na Kanada wanaliruhusu. Kilichonishtua moyo ni kidude kilichoning'inia kwenye funguo ndani ya mkoba wangu. Wifi yangu anayekaa Marekani alinipa aliposikia nilivyotukanwa kwenye maegesho ya duka kwa sababu ya mtandio. Kwao anajibebea bila shida. Kanada, pilipili iliyotengenezwa kupulizia binadamu ni silaha iliyopigwa marufuku, na mimi nilisahau kabisa kuiacha.

Foleni ikasogea. Afisa akatuuliza kama tuna silaha yoyote, au pilipili ya kupulizia. Mume wangu akanitazama. Wallahi, ulimi ulikuwa tayari kusema hapana. Kidude chenyewe kidogo kama rangi ya mdomo, nani angekiona? Nikavuta pumzi, nikavitaja vyote viwili.

Akauliza kopo kubwa ni la nini. Nikajibu, la dubu. Msilione swali hilo dogo: ungesema unalibeba kujilinda na watu, kopo hilohilo lingeweza kuhesabiwa silaha. Sisi tuliolelewa kuulizwa nia kabla ya tendo tunalielewa hilo upesi.

Kopo tukarudishiwa. Kidude kikabaki kwake, kwa upole, bila makelele. (Anayekuja kwa ndege asijisumbue: pilipili ya dubu haipandi, si mkononi wala kwenye sanduku la chini. Nunua ukifika.)

Nakiri niliudhika. Dubu sijamwona hata mmoja safari nzima, na kinga yake ninayo. Yule wa maegeshoni nilimwona kwa macho yangu. Jioni nikitoka dukani bado nashika funguo mkononi, nyepesi sasa, na natembea haraka hadi garini.