MOYO NA DAMU, SEHEMU YA 4: Uchovu wa uzazi, au moyo?

Juzi tuliongea presha. Leo tumwangalie mama anayelala amekaa.

Aliletwa na mama mkwe wake kutoka Mbagala, mtoto ana wiki sita. Miguu imevimba, akitembea kidogo anahema, usiku anapanga mito mitatu ndiyo apate usingizi. Nyumbani walisema ni uzazi tu, anywe supu. Akaniambia taratibu, "Dada nesi, nikilala chali nahisi nazama."

Jamani, hiyo siyo supu. Upo ugonjwa wa moyo kuchoka unaompata mama mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, hata kama hajawahi kuugua moyo. Moyo unalegea, hausukumi damu vizuri, maji yanajaa kwenye mapafu na miguu.

Damu inatusaidia kuujua. Moyo ukielemewa, kuta zake zinavutika na kumwaga homoni kwenye damu. Kipimo chake kinaitwa NT-proBNP. Mtu aliyekuja anahema ghafla, majibu yakiwa chini ya 300, tunatafuta kwanza sababu nyingine. Yakiwa juu, usilie bado, maana hata figo zikisumbua yanapanda. Ndiyo maana tunafanya na eko, ile picha ya moyo. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyo kwenye chumba chake cha kushoto kila unapopiga. Kwenye ugonjwa huu inashuka chini ya asilimia 45. Yule mama alikuwa na 30.

Usidharau pia wingi wa damu. Dk. Abel Makubi na wenzake walipowapima wagonjwa wa moyo kushindwa kazi pale Muhimbili, zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu, na karibu nusu walipungukiwa madini ya chuma. Moyo uliochoka ukipewa damu nyepesi, unazidi kuchoka. Kwa hiyo vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki msivifiche kabatini.

Mama wetu alianza dawa, na baada ya miezi kadhaa eko ilisoma 50. Mama mkwe akaanza kuulizia mjukuu wa pili. Hapo nilimkalisha chini: mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa, na safari hii vibaya zaidi. Kwanza daktari wa moyo, na uzazi wa mpango wakati wa kusubiri.

Baba, hili ni lako. Mkeo akishindwa kulala chali, akikohoa usiku, akivimba miguu au moyo ukimwenda mbio, usisubiri arobaini iishe. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na useme wazi: "Amejifungua karibuni, tunaomba aangaliwe moyo."

Sehemu ya 5 tutaongea dawa za moyo na kunyonyesha. Leteni maswali.